Uzi: Anayesomea ualimu apimwe anachoamini au anachofanya darasani? Marekani wanapigana, sisi Dodoma tumekaa kimya

Chaki ya Chang'ombe (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye magrupu ya walimu kumechafuka tena kuhusu somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Upande mmoja unasema vyuo sasa vitoe "mwalimu mzalendo", upande wa pili unauliza uzalendo huo unapimwa kwa rula ipi na nani kaishika. Mimi nafundisha sekondari hapa mjini na nasoma shahada ya pili jioni, kwa hiyo nipo pande zote mbili za dawati. Naomba niwape kisa cha mbali kwanza, halafu turudi nyumbani.

Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilikuwa kinasuka upya mafunzo yake ya ualimu. Ziliundwa kamati kadhaa, mojawapo ikiangalia rangi, utamaduni, tabaka na jinsia. Kamati hiyo ikapendekeza kwamba anayesomea ualimu achimbue upendeleo na dhana potofu alizonazo yeye mwenyewe, aandike habari za asili yake, na aelewe kwamba ile imani ya "ukijituma utafika" kwao ni hadithi tu, maana watu hawaanzii mstari mmoja. Hadi hapo ni mjadala wa kawaida wa chuo. Kilichowasha moto ni kwamba mambo hayo yapimwe, na asiyefikia kiwango awekewe mpango wa kurekebishwa.

Novemba ya mwaka huo mwandishi wa safu wa gazeti la Star Tribune, Katherine Kersten, akalianika. Shirika la FIRE, linalotetea uhuru wa mawazo vyuoni, likamwandikia rais wa chuo, Robert Bruininks, kwamba chuo cha umma hakina mamlaka ya kumkagua mtu fikra zake za kisiasa ndipo kimpe cheti cha ualimu. Desemba mwanasheria mkuu wa chuo, Mark Rotenberg, akajibu kwa maandishi kuwa hakuna atakayekataliwa kwa sababu ya anachoamini.

Na haikuwa mara ya kwanza. NCATE, chombo kilichokuwa kinatoa ithibati kwa vyuo vya ualimu kule, kiliwekea vyuo sharti la kupima "mielekeo" ya mwalimu tarajali, na kwenye maelezo ya neno hilo haki ya kijamii ilitajwa kama mfano. Kelele zilipozidi, mwaka 2006 wakauondoa mfano huo.

Sasa ona pendulamu ilivyokwenda. Mwaka 2024 jimbo la Florida likatunga sheria inayokataza programu za mafunzo ya ualimu kujengwa juu ya nadharia kwamba ubaguzi umo ndani ya mifumo ya nchi yao. Februari 2025 serikali ya Trump ikafuta ruzuku za mafunzo ya walimu zinazozidi dola milioni 600, ikisema zinafundisha itikadi za kugawa watu. Majimbo yakaenda mahakamani, na Aprili Mahakama ya Juu ikaruhusu fedha ziendelee kuzuiwa wakati kesi inaendelea. Mwaka 2009 kilio kilikuwa kwamba serikali isiingie kichwani mwa mwalimu; leo inaingia kichwani mwa mwalimu kwa mlango wa nyuma, na wapo wanaoshangilia.

Tusiwacheke. Sisi tuna itikadi ya utamaduni kwenye ualimu tangu zamani, ila imetuzoea kiasi kwamba hatuiiti itikadi. Wao waligombana kwa sababu mwalimu alitakiwa AONE tofauti za watoto. Sisi mwalimu anafunzwa ASIONE. Kabila halitajwi darasani, na hata sensa yetu haijauliza kabila tangu ile ya 1967. Lugha ni moja, na mtoto ni Mtanzania, basi. Nia ni njema na matunda yake tunayala. Ila ukiwa kwenye TP (mazoezi ya kufundisha) huko Mvumi, darasa la kwanza, mtoto hajui Kiswahili cha kitabuni, ndipo unagundua kwamba "kutoona" nako ni msimamo.

Hoja yangu: mwalimu tarajali apimwe anachofanya mbele ya watoto. Anachoamini abaki nacho. Karibuni.

Nkuhungu Mjini

Uzi wa moto huu. Naweka kambi hapa.

Mgogo Halisi

Chaki umegusa pabaya. Mimi TP nilifanyia shule moja upande wa Chamwino, chuo sikitaji. Somo ni Kuhesabu. Nina mawe na vizibo vya soda mezani, namwambia mtoto atoe viwili kwenye vitano. Ananitazama tu. Narudia, kimya. Nikamwambia kwa Kigogo, neno moja tu la kumsukuma, akatoa viwili, akacheka, akahesabu vitatu vilivyobaki kwa Kiswahili safi kabisa. Darasa zima likachangamka.

Msimamizi kakaa nyuma na fomu yake. Baada ya kipindi ananiambia nimevunja sera ya lugha na nimeonyesha ukabila. Jamani! Ukabila kwa vizibo vya soda! Alama zikakatwa kwenye kipengele cha "maadili ya kazi", wala si kwenye "mbinu za kufundishia". Lingekuwa kosa la mbinu ningelibishia. La maadili unalibishiaje? Unaonekana mkaidi juu yake.

Mzee wa Mpwapwa

Vijana, nimesoma. Ngoja niwape ya kale kidogo, mimi nilipita chuo cha ualimu miaka ya sabini.

Kwetu itikadi haikujificha. Baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na sisi wanachuo tulikuwa tunalima, tunafuga, tunaimba, tunafanya mgambo. Siasa lilikuwa somo na lilikuwa na mtihani. Mwalimu wa shule ya msingi alihesabiwa kuwa mtu wa chama kijijini, ndiye anayesoma gazeti kwa sauti, ndiye anayeandika barua za watu. Hatukuona ajabu.

Halafu likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Hapo ndipo naomba msikilize. Ukimaliza kidato cha sita huendi chuo kikuu moja kwa moja. Unapita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), unakwenda kufanya kazi, ndipo unaombewa kwa pendekezo la mwajiri na la tawi la chama. Shabaha ilikuwa kuondoa wasomi wenye majivuno, maana mwaka 1966 wanafunzi wa Dar walikuwa wameandamana kupinga JKT, wengine na mabango ya kusifia ukoloni, Mwalimu akawafukuza zaidi ya 300 na papo hapo akajikata mshahara wake asilimia 20. Kwa hiyo chanzo chake kilieleweka.

Lakini barua ya tawi anaandika nani? Katibu wa tawi. Na katibu naye ni mtu, ana shamba linalopakana na la baba yako. Niliona vijana wenye akili wakizungushwa. Niliona na wavivu waliojua kupiga kelele za "zidumu fikra" wakipita kama upepo. Na wasichana wakapungua chuo kikuu, maana ukimwambia binti wa miaka hiyo akafanye kazi kwanza, nyumbani wanamwoza. Ikabidi wao waondolewe sharti hilo.

Pamoja na hayo sijutii. Bila ile itikadi mnayoiona ya "kutoona kabila", leo uzi huu ungekuwa wa matusi ya makabila.

Chaki ya Chang'ombe

Shikamoo mzee wangu. Umeniongezea silaha. Hiyo barua ya tawi ndiyo ninayoiogopa mimi. Ukishaweka kipengele cha "ana mtazamo sahihi", umemkabidhi mtu kalamu ya kumaliza ugomvi wa shamba. Minnesota katibu wa tawi angekuwa profesa mwenye nia njema, Florida ni mwanasiasa wa jimbo. Kalamu ni ileile.

Mama Matron Kizota

Mimi siafikiani na mleta uzi, na naomba nisikatizwe.

Mnaongea kama wanaume ambao hawajakaa na mabinti bwenini. Serikali Novemba 2021 ilitoa waraka, mwanafunzi aliyejifungua arudi shule. Miaka minne kabla yake tulikuwa tumeambiwa hadharani harudi mtu. Walimu ni walewale, vichwa ni vilevile. Waraka ulibadilika asubuhi moja, vichwa havikubadilika.

Mwaka fulani tulimpokea binti, mtoto wake kamwacha kwa bibi yake Hombolo. Akili anayo. Kipindi cha kwanza mwalimu wa hesabu anasema, "Haya mama watoto, njoo ubaoni." Darasa likaangua kicheko. Hakumpiga, hakumtukana, hakuvunja kifungu chochote ambacho ningeweza kumpeleka nacho TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu. Kila kipindi "mama watoto". Binti alivumilia hadi katikati ya muhula, akaondoka, nasikia yuko Majengo anauza nyanya.

Mwalimu huyo TP alipata A, kijana mtanashati, andalio la somo limenyooka, mwandiko wa ubaoni mzuri hadi unatamani kuupiga picha. Sasa niambieni, mliompima "anachofanya" mlimpima nini?

Na msisahau tulipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta Dodoma asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, tukiwa wa pili baada ya Manyara. Ukeketaji wa watoto ni kosa tangu sheria ya 1998. Mwalimu ambaye moyoni anaona ni mila tu, binti akitoroka kukeketwa nyumbani Desemba akamkimbilia yeye, atamficha au atamrudisha? Hapo imani yake ndiyo roho ya mtoto. Mimi nataka nijue anaamini nini KABLA hajapewa darasa.

Nkuhungu Mjini

Duh. Mama kamaliza.

Ntyuka Boy

Mama Matron nakuunga mkono nusu. Huyo wa "mama watoto" alistahili kufukuzwa. Lakini ungemuuliza kwenye usaili "unaonaje kuhusu mabinti kurudi shule?" angejibu nini? Angejibu waraka neno kwa neno! Watu siku hizi wanakariri majibu ya usaili, wanauziana hadi maswali ya miaka iliyopita kwenye Telegram. Ukipima imani unavuna waigizaji. Mzee wa Mpwapwa kashasema, waliopita kwa katibu ni waliojua kuimba.

Kozi ya DS (Development Studies, taaluma za maendeleo) tunaisoma wote chuoni, ilianza enzi hizohizo za kujenga ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nani humu iliwahi kumfanya mjamaa? Tulikariri, tukajaza, tukasahau, tukaenda kula chipsi Ng'ong'ona.

Mama Matron Kizota

Ntyuka, na kwenye TP hawaigizi? Msimamizi anakuja kwa taarifa, gari la chuo linaonekana toka barabarani, mwalimu mwenyeji anawahi kuwaonya watoto wakae sawa. Siku hiyo kila mwalimu ni malaika. Kama tatizo ni uigizaji, basi lipo pande zote mbili.

Chaki ya Chang'ombe

Mama, hapo umenibana na sina jibu la haraka. Ila angalia tofauti. Mtu akiigiza imani, chuo hakina cha kumshika nacho tena. Akiigiza matendo wiki nane mfululizo mbele ya watoto wale wale, kuna mahali atachoka, na watoto wanajua. Waulizeni watoto. Kwenye TP yetu nani amewahi kumuuliza mwanafunzi wa darasa la tano, "mwalimu huyu akikukosoa unajisikiaje?" Tunamuuliza mkuu wa shule, ambaye anataka walimu wa TP waongezeke maana hana walimu.

Na kuhusu binti wa Desemba: hilo si suala la imani, ni wajibu wa kisheria. Afundishwe hatua, kwamba unampigia nani, unamlaza wapi, unaandika nini. Apimwe kwa kuigizishwa tukio lenyewe. Akishindwa hatua, asifaulu, hata kama moyoni ni mwanaharakati namba moja. Akiziweza hatua zote huku babu yake ngariba, apite.

Msandawe wa Kwa Mtoro

Salaam. Nimekuwa nasoma tu bila kuchangia, leo nimeshindwa.

Mnabishana Kigogo na Kiswahili, sisi hatupo hata kwenye ubishi huo. Mimi nimezaliwa Wilaya ya Chemba, enzi hizo ikiwa bado Kondoa. Lugha yetu ina vidoko, zile sauti za kugonga ulimi. Nikiwa darasa la pili nilitaja jina la mnyama kwa lugha ya nyumbani kwa sababu Kiswahili chake sikukijua. Darasa lote likaanza kugonga ndimi midomoni, ko ko ko, kunikejeli, na mwalimu akacheka nao. Alikuwa mwalimu mzuri tu, jioni alikuwa anatufundisha bure. Hakujua amefanya nini. Nadhani hata leo ukimuuliza atakwambia hana ubaguzi, na atakuwa anasema kweli kwa anavyojijua.

Kwa hiyo wale wa Minnesota kuna kitu walikiona. Mwalimu asiyejichunguza anaumiza bila nia mbaya. Walipokosea, kwa maoni yangu, ni kutaka kumsahihishia mtu jibu la dhamira yake kwa kalamu nyekundu. Mpe azione hizo dhana zake, mpe muda, ila daftari hilo lisikusanywe.

Na tusiseme Tanzania hatuoni tofauti. Tunaziona vizuri sana. Tunachofanya ni kutozisema, na asiyesemwa hawezi kulalamika.

Mzee wa Mpwapwa

Mwanangu wa Kwa Mtoro, hilo la kucheka na watoto nimelifanya kwa mtoto wa Kitaturu, si mara moja. Wakati wetu tuliita kumkomaza. Endeleeni.

Mkufunzi Asiye na Jina

Niko kwenye chuo kimojawapo kanda hii na fomu za TP napita nazo kila mwaka, kwa hiyo niwape picha ya ndani. Kwenye fomu ninayojaza, "mwonekano na haiba" ina alama zake: nguo, nywele, viatu. Nimeshuhudia mwenzangu akimkata binti alama kwa kusuka rasta. Andalio la somo na azimio la kazi vina alama nyingi, na utunzaji wa muda pia upo. Sasa tafuta mstari unaosema mwalimu alimfanyaje mtoto aliyekosea. Haupo. Kuna "ushirikishwaji wa wanafunzi", tunaujaza kwa kuhesabu mikono iliyonyooshwa.

Yaani ugomvi wa Minnesota na Florida ni kuhusu mstari ambao sisi hatuna kabisa. Tunapima viatu.

Mama Matron, ninakuelewa, lakini naijua ofisi yangu. Ukiniwekea mstari wa "ana mtazamo sahihi kuhusu utamaduni" nitaujaza kwa dakika moja kwa kumtazama mtu jina lake, dini yake na alivyovaa. Wasimamizi ni binadamu waliochoka, wana shule tatu za kupitia kabla ya saa nane. Mstari ukiwa mpana, chuki ndogondogo zitakaa humo na kupanga samani.

Mtaala umebadilika na fomu nazo zinapitiwa. Nitapeleka pendekezo la mstari mmoja tu. Niandikieni hapa ninyi mlioumia, uwe kitu ambacho msimamizi akikaa nyuma ya darasa anakiona kwa macho. Msiniletee "anaheshimu utu wa mwanafunzi". Hiyo kila mtu atapewa tano.

Mgogo Halisi

"Mtoto akikwama kwa sababu ya lugha, mwalimu alitumia njia yoyote kumvusha, na somo likarudi kwenye Kiswahili." Na hicho kipengele kikae kwenye MBINU, kisikae kwenye MAADILI. Nasisitiza.

Mama Matron Kizota

Andika: "Mwalimu alimwita kila mwanafunzi kwa jina lake." Jina lake la kwenye rejesta. Hapo "mama watoto" anakwama bila mtu kumuuliza anaamini nini. Lakini Mkufunzi, bado nataka na lile la usaili. Sijabadili msimamo.

Msandawe wa Kwa Mtoro

"Wenzake wanapomcheka mwanafunzi, mwalimu alifanya nini?" Uache nafasi ya kuandika, usiweke kisanduku cha kutiki. Na msimamizi aje bila taarifa.

Ntyuka Boy

Bila taarifa sawa. Ila nauli ya kumtoa mjini hadi Kwa Mtoro kwenye masika nani analipa? Mkufunzi jibu na hilo.

Mkufunzi Asiye na Jina

Mwaka jana nililipa mwenyewe, bodaboda kutoka Chemba. Mistari mitatu nimeichukua. Wa Mama nauweka wa kwanza maana hauna ubishi. Wa Mgogo utaleta kelele kikaoni, nitaupigania kwenye mbinu. Leteni mingine kabla ya Ijumaa.